Wajukuu wa Mtungini

Kama umetoka hospitali leo na umeambiwa una ugonjwa wa kutetemeka, ule wanaouita Parkinson, usikimbilie kwa majirani. Kaa chini kwanza unisome. Mimi si daktari. Shule niliishia darasa la nne, nikachunga mbuzi, nikabeba magogo, mwisho nikafungua bucha yangu mwenyewe Kikatiti, na hakuna mtu wa kusema alinishika mkono. Dawa zinavyofanya kazi kichwani sitakueleza, sijui. Ninachokijua mimi ni hofu. Hiyo nimekaa nayo nyumba moja, na nimeona inavyoweza kumfanya mtu mzima atake kitu ambacho akiwa mzima angekitemea mate.

Ugonjwa wangu haukuanzia mkononi. Ulianzia puani. Mchinjaji anaweza kuazima kisu, pua haazimi. Kiangazi kile mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alirudi na nyama yake akaibwaga juu ya mizani mbele ya watu.

"Mzee Anaeli, hii uliinusa kabla ya kunikatia?"

Nikaiinua, nikainusa. Sikusikia kitu. "Hii ni nzima," nikamwambia.

"Nzima? Mbwa wangu ameinusa akaanza Kwaresma!"

Watu walicheka hadi wa duka la pili wakaja kuuliza kuna nini. Mimi nilijifanya nacheka. Nikazunguka nyuma, nikachukua utumbo wa jana, nikauweka chini ya pua. Hakuna kitu. Nilisimama pale na ule utumbo mkononi.

Baada ya pua ukafuata mkono wa kulia. Nikitembea, wa kushoto unapunga, wa kulia umening'inia tu kama umetundikwa kwenye ndoano. Kidole gumba na cha shahada vikawa vinasuguana vyenyewe, kama mtu anayepukuchua punje ya mahindi isiyoisha. Nilikuwa nauficha mfukoni. Lakini mchinjaji ataweka mkono mfukoni mpaka lini? Siku kisu kilipoteleza kwenye mfupa kikapita karibu na kifundo cha mkono, nilikiweka juu ya gogo la kukatia nyama, nikavua aproni, nikamwachia bucha mpwa wangu. Sikumweleza mtu kwa nini.

Masika ilipoanza mke wangu, Mama Nakunda, alinipeleka hospitali mjini Arusha, kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Benchi la kliniki ile nalikumbuka kuliko benchi la kanisa langu. Nje mvua, ndani watu wazima tumepangwa, kila mmoja anatetemeka kwa mtindo wake. Jirani yangu alikuwa mzee wa Oldonyo Sambu, amejifunika shuka, kichwa chake kinaitikia muda wote, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Umezoea?" nikamuuliza.

"Mke wangu ndiye amezoea," akasema. "Tangu nianze kuumwa nakubali kila anachosema."

Nilicheka, na huyo mzee Mungu ambariki, kwa sababu kilichofuata hakikuwa cha kucheka. Daktari alikuwa mwanamke, mpole lakini hazunguki. Alinigongesha vidole, akanitembeza ukumbini, akanikalisha. Akasema ugonjwa huu hauponi. Kuna vidonge, vinautuliza, utavimeza maisha yako yote. Mama Nakunda akauliza, "Na baadaye?" Daktari akasema, "Baadaye tutaiona tukifika, mama." Mimi nikaiona palepale. Nilimwona mzee anayelishwa uji kwa kijiko, na mzee huyo amevaa koti langu.

Tulirudi nyumbani, na Mama Nakunda akaanza vita vyake. Kwetu Umeru mgonjwa ni mtori. Mzazi ni mtori, aliyevunjika mguu ni mtori, mzee wa kutetemeka naye atakwepa wapi? Akawa anapika ndizi na kidari chenye mafuta, anaponda mpaka inakuwa laini, anaweka bakuli mbele yangu na kidonge juu ya kijiko. Asubuhi, mchana, jioni. "Dawa kali hii," anasema. "Haiingii kwenye tumbo tupu nyumbani kwangu." Mwanzoni vidonge vilinisaidia kidogo. Kisha vikawa kama nimemeza chaki.

Ilipofika baridi ya katikati ya mwaka, ukungu umeshuka mlimani mpaka huoni mgomba wa pili, mwili wangu ulianza kunigomea. Sauti ilikwisha, nikawa naongea kama ninayetoa siri. Vifungo vya shati nikawa nafungiwa. Uso ukakakamaa, ndani nacheka au nalia, nje ni ubao. Na miguu ikaanza kuganda. Nafika mlangoni, nataka kuvuka, nyayo zimeshikwa na sakafu kama kuna mtu chini anazivuta.

Jumapili moja tulipanga mstari kwenda kutoa sadaka. Nikaganda mbele kabisa, karibu na madhabahu. Nyuma yangu usharika mzima umesimama, noti mkononi. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaurudia. Ikaurudia tena. Mwinjilisti akadhani nimeguswa na Roho, akaja kuniwekea mkono kichwani. Nikamnong'oneza, "Nisukume." Akanisukuma, nikaenda. Watu wakasema Mzee Anaeli siku hizi ana unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Nilikuwa naogopa kuanguka juu ya kikapu cha sadaka.

Baada ya siku ile Mama Nakunda aliacha kunipeleka kliniki. "Kwenda kufanya nini? Vidonge vimeshindwa." Wanawake wa kanisani walikuwa wamemweleza habari za bwana mmoja mjini, ana ofisi ghorofani, anapeleka wagonjwa ng'ambo, wanarudi wanatembea. Yeye mwenyewe alijiita Mshauri wa Tiba. Nilipandishwa ngazi zile nikishikwa kwapa, nikaketishwa kwenye kochi la ngozi, na yule bwana akaanza kutueleza seli shina. Ni kitu kama mbegu, alisema, hakijaamua kitakuwa nini. Ukikipanda kichwani kinakuwa ubongo mpya. Na zilizo bora kuliko zote zinatoka kwenye viinitete, yaani mimba inapokuwa ndiyo kwanza imeanza.

"Mzee ana watoto?" akauliza.

"Mmoja tu, wa kike," Mama Nakunda akajibu. Na kwa sababu anajivunia, akamwaga yote. Kwamba binti yetu Nakunda na mumewe Faustini walikaa miaka bila mtoto. Kwamba walikwenda Nairobi, madaktari wakachukua mayai yake na mbegu za mumewe wakazikutanisha kwenye kioo. Kwamba kiinitete kimoja kiliwekwa tumboni kikashika, na ndiye mjukuu wetu Klementi.

Yule bwana akasogeza kiti. "Na vingine? Vilibaki?"

Vilikuwepo vitatu. Viko Nairobi, vimegandishwa kwenye mtungi wa baridi. Habari hiyo haikunishangaza tangu mwanzo, kwa sababu kwetu bwana mifugo anakuja na mtungi wake unaotoa moshi wa baridi, ndani mna mbegu za dume, na ng'ombe wangu wawili wazuri kabisa wametoka humo. Kwa hiyo Nakunda aliponieleza zamani, nilimwambia tu, "Angalieni umeme usikatike."

"Mzee, wewe una bahati," Mshauri akasema. "Viinitete vya damu yako mwenyewe, mwili hautavikataa. Wengine wanatafuta, wewe unavyo."

Sasa ili unielewe, nikueleze desturi. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba. Ndiyo maana huyu ni Klementi, ni jina la baba yake Faustini kule Kibosho. Wa pili wa kiume anapewa jina la babu mzaa mama. Huyo ni mimi. Sina mtoto wa kiume, Nakunda ni mmoja. Jina la Anaeli haliwezi kupita njia nyingine yoyote hapa duniani. Kama lipo mahali linasubiri, linasubiri kwenye ule mtungi.

Tulirudi nyumbani, mimi na Mama Nakunda. Kesho yake nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, yeye anasafisha shamba la migomba. Akakata chipukizi kwa panga, akalitupa karibu na miguu yangu.

"Baba Nakunda, hiki ni nini?"

"Chipukizi."

"Tunaacha mgomba mama, mtoto na mjukuu. Mengine tunaondoa ili shina lipate nguvu. Ni dhambi?"

Nikajua anakoelekea. "Chipukizi halina jina," nikasema.

"Na vile vya Nairobi havina. Kimoja kinaweza kuwa msichana. Vyote vinaweza kukataa kushika. Wewe uko hapa, jina unalo, na shati nakufunga mimi."

"Sikiliza," nikamwambia. "Nimepasua ng'ombe maisha yangu yote. Ukikuta ndama tumboni, hakuna mchinjaji, hata awe na njaa kiasi gani, anayemtundika kwenye ndoano. Tunamfukia. Hakuna anayetulazimisha."

"Ndama yule ana macho na kwato. Hivi daktari alimwambia Nakunda ni vidogo kuliko punje ya ulezi."

"Hata mimi nilianzia hapo."

"Ulianzia tumboni mwa mama yako," akasema, "si kwenye mtungi. Mtungini unaweza kukaa miaka mia na usiwe mtu."

Akainama akakata jingine. Na nakwambia ukweli, wewe unayesoma, kwa sababu nawe unaweza kufika hapo: nilikuwa navitaka. Nilikaa kwenye kigoda kile nikijiona nimeshika kisu tena, nanusa nyama tena. Nilivitaka, na nilijiogopa kuliko nilivyokuwa nauogopa ugonjwa.

Mama Nakunda hakungoja niamue. Alikata jani la isale, lile tunalopanda mpakani, akalifunga fundo, akalipeleka Makumira kwa Nakunda, anakofundisha sekondari. Kama si mtu wa huku, ujue isale si zawadi. Ni ombi la mwisho. Uliyemkosea ukimpelekea isale anasamehe, hata kama ulimmwagia damu. Aliyeletewa hakatai. Akikataa, atakayepatwa na mabaya ni yeye na uzao wake. Mama Nakunda hakuwa na kosa la kuombea msamaha. Alilitumia kuomba kile ambacho alijua kwa maneno matupu asingepewa.

Jumamosi Nakunda akaja na mumewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Akakaa miguuni pangu kama alivyokuwa akikaa mdogo. "Nimekubali, baba."

"Umekubali nini?"

Akafungua mkoba, akatoa lile jani na fundo lake. Nikamtazama mke wangu, akageuza uso akaangalia jiko. Nilitaka kupiga kelele. Lakini nimeshakwambia habari za uso wangu. Ulikaa vilevile, ubao. Nakunda alinitazama, akafikiri nimetulia, akafikiri nililijua jambo hili na nimelibariki.

"Wewe nakujua, baba," akasema. "Wao siwajui bado. Nakuogopea wewe."

Faustini alikuwa bado amesimama. Ni kijana mwenye heshima, Mkatoliki, hanywi mbele yangu. Akasema, "Shikamoo baba. Mimi ni mkwe, sina kawaida ya kupandisha sauti hapa ndani. Lakini isale lile lililetwa kwangu nikiwa kazini, akapewa mke wangu peke yake. Vile viinitete ni vya kwake peke yake?"

"Damu ni ya baba yake," Mama Nakunda akasema.

"Na yangu je, mama? Ni maji? Padri wetu alinikataza njia ile ya Nairobi. Nilikwenda kwa sababu ya machozi ya mke wangu, nikamwambia padri kwamba sitatupa hata kimoja. Sasa nikamwambie nini? Kwamba nimempa babu yao ale?"

"Faustini! Ulimi wako!"

"Nisamehe, mama. Lakini ndivyo."

Nakunda akaanza kulia. Mimi nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka hata kuku asingeisikia. Wakaondoka hawajanywa chai.

Siku zilizofuata nilikuwa natetemeka pande zote. Mwishowe nikampigia yule Mshauri. Nilimuuliza swali la mchinjaji, kwa sababu nyama moja haitoshi kila mteja.

"Hivyo vitatu vikiisha na mimi sijapona, inakuwaje?"

Hakusita hata kidogo. "Hilo lisikusumbue, mzee wangu. Binti yako bado ana umri. Anachomwa sindano, tunavuna mayai mengine, tunatengeneza vya kutosha. Hata mara tatu, nne."

Tunavuna. Nikamkumbuka Nakunda wakati ule wa Nairobi, tumbo limevimba kwa sindano, anatapika kwenye beseni, mama yake anamshika nywele. Alivumilia yale ili apate mtoto. Huyu anasema avumilie tena ili wapatikane wa kutumika, na wakiisha avumilie tena. Vile vitatu sikujua kama ni watu au si watu. Lakini binti yangu nilijua ni nani, na si ng'ombe wa kukamuliwa. Simu iliniponyoka ikaanguka chini, na yule bwana bado anaongea humo ndani, "Mzee? Mzee wangu?"

Nikamwambia Mama Nakunda, "Kesho tunakwenda Makumira." Nikatoka mwenyewe mpakani, nikakata isale la pili. Kufunga fundo kulinichukua muda mrefu, jani likachanika, nikakata jingine. Yeye aliniangalia kutoka dirishani, hakuja kunisaidia. Alishajua.

Pale Makumira nikaganda mlangoni kwa Nakunda. Hapo nje, jua linanipiga kisogoni, nikaamua kusema hapohapo.

"Nakunda, njoo hapa. Miguu imegoma, siingii. Mama yako alileta isale kwa shida yangu. Mwenye shida ni mimi, na mimi ndiye ninayelifungua. Sikihitaji unachonipa. Lete jani hapa."

"Baba, lakini utaku..."

"Nitakufa. Hilo nilikuwa nitalifanya hata bila ugonjwa. Fungua fundo."

Akalifungua mbele yangu. Alilia, lakini kilio kile kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo. Kisha nikamgeukia Faustini, nikamnyooshea lile jani langu baya lililofungwa ovyo. "Hili ni lako. Ulikosewa nyumbani kwangu."

Faustini alilipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea, baba. Yamekwisha." Halafu akaona bado nimesimama kama nguzo ya umeme, akacheka. "Sasa ingia basi, baba, chai inapoa."

"Ningeweza ningekuwa nimeshaingia, wewe!"

Nakunda alikuwa ameshika ufagio. Akaulaza chini kizingitini, sijui hata kwa nini. Nikautazama. Nikainua mguu kuuruka, na mguu ukainuka. Nikavuka. Tukatazamana wote kama tumeona mzuka. Baadaye hospitali waliniambia jambo hilo linajulikana, mgonjwa wa namna yetu akipewa kitu cha kuruka, miguu inakumbuka. Nyumbani kwangu sasa kuna vitambaa vyekundu sakafuni kwenye kila mlango. Wageni wanadhani ni mapambo.

Nakunda ndiye aliyesema turudi kwa yule mama daktari. Tulikaa kwenye benchi lile tena. Daktari akanitazama jinsi nilivyoharibika, akauliza, "Vidonge unavimeza?"

"Hajakosa hata kimoja," Mama Nakunda akasema, kifua mbele.

"Anavimeza na nini?"

"Na mtori, daktari. Wenye kidari. Mzito."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza taratibu kwamba dawa hii na nyama vinagombania mlango mmoja kuingia mwilini, na nyama ikiwa nyingi ndiyo inapita, dawa inabaki nje. Mimi, mwenye bucha, nilikuwa nimejifungia dawa nje kwa nyama yangu mwenyewe. Akanipangia: kidonge na maji, tumbo halina kitu, kisha nisubiri, nyama niile jioni na kidogo. Wewe usinifuate mimi, muulize daktari wako, kila mtu na mwili wake. Lakini muulize. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijiona sina cha kuuliza kuhusu chakula.

Mama Nakunda alifunika uso kwa kitenge. "Nilitaka kuchukua wajukuu zangu," akasema, "kwa sababu ya mtori."

Nikamuuliza daktari kuhusu seli shina. Hakunicheka. Alisema hiyo ni kazi ya kweli, wapo wanaoichunguza ng'ambo kwa viinitete ambavyo wenyewe wamekubali kuvitoa, na huenda siku moja ikawa dawa. "Ila utafiti si dawa, mzee. Mtafiti wa kweli anakwambia huenda isikusaidie, na hakulipishi. Anayekuahidi utapona na kukuuzia, huyo ni mfanyabiashara."

"Mimi pia ni mfanyabiashara," nikasema. "Lakini nyama yangu inaonekana."

Sikupona. Uongo sitakuuzia. Lakini vuli ilipoanza nilikuwa nafunga vifungo vyangu, isipokuwa cha shingoni. Sauti ilirudi kiasi cha kumfokea mpwa wangu buchani. Kuna saa za mchana ambapo mwili unaniachia kabisa, natembea shambani kama mwenye shamba. Kuna saa nyingine naganda. Hofu ipo, inakuja na kuondoka, kama dawa yenyewe.

Vuli hiyohiyo Nakunda na Faustini walikuja. Kliniki ya Nairobi ilikuwa imewapigia simu, kama inavyofanya kila mwaka, kuwauliza: waendelee kuvitunza, wavirudishe tumboni, wawape wengine wasio na mtoto, wavitoe kwa utafiti, au waviachie viishe? Faustini ndiye aliyeanza.

"Baba, tumekuja useme wewe. Jina ni lako."

Nilikuwa nimelijua hilo linakuja, na nilikuwa naliogopa kuliko ngazi za yule Mshauri. Kwa sababu nilikuwa na la kusema. Nilitaka kusema: virudisheni, nipeni Anaeli. Lakini nimeona kinachotokea mzee anapoomba kitu ambacho mtoto hawezi kukikataa.

"Jina langu nimeliondoa," nikasema. "Mkipata mtoto mkamwita, vizuri. Msipompata, mimi nimeishi, limetumika. Mkitaka kuvirudisha, mvirudishe kwa kuwa mnataka mtoto, si kwa kuwa mnanilipa mimi."

"Na tukivitoa kwa utafiti?" Nakunda akauliza polepole. Faustini alitazama chini. Nikaona kwamba wao wenyewe hawajakubaliana.

"Mimi ningeogopa," nikamwambia. "Lakini mimi naogopa hata kizingiti. Kuna mzee wa Oldonyo Sambu kwenye benchi letu, kichwa hakitulii, labda wajukuu zake siku moja watapona kwa hicho. Sijui. Amueni ninyi wawili, msiniambie. Mikono hapa."

Wakanyoosha viganja. Ugonjwa huu una tabia ya kunijaza mate mdomoni, ni aibu yangu ya kila siku, natembea na leso. Siku hiyo yalipata kazi. Niliwatemea baraka viganjani kama wazee wetu wanavyofanya, wakajipaka vifuani, Faustini naye, Mkatoliki wa Kibosho. Mama Nakunda akaleta chai, na safari hii waliinywa.

Sijui walichoamua. Mama Nakunda ananichokonoa niulize, nami namkataza asiulize. Kuna siku najishika nikitaka kupiga simu Nairobi mwenyewe, mtu wa darasa la nne, nikaulize kama bado vipo. Sipigi. Nakunda akija kututembelea, akiwa anapanda njia kutoka barabarani, nayalazimisha macho yangu yabaki usoni pake, yasishuke tumboni. Yakitaka kushuka, namuuliza habari za shule.